Mwalimu Aliyeionea Wivu Programu

Walikutana kwenye foleni ya duka la kuchapa, siku ambayo chuo kizima kilikumbuka ghafla kuwa kina kazi za kuwasilisha. Feni ilipeperusha karatasi za Muuguzi, msichana wa gauni la njano aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili. Mwalimu, kijana wa shati lililopigwa pasi mbele tu, akazikimbiza hadi chini ya mashine. Alipoinuka na vumbi puani, tayari alikuwa amependa.

Mapenzi yakanoga mpaka lilipoingia suala zito la marejeo ya tasnifu. Mwalimu alishauri yaandikwe moja moja, kwa jasho. Mtaalamu wa maktaba, aliyeitwa Miwani, akapendekeza programu ya bure: ukibadili mtindo, marejeo yote yanajipanga yenyewe. Muuguzi akachagua programu. Tangu hapo kila simu ikawa Miwani kasema hivi, Miwani kanionyesha vile.

"Huyo Miwani hana kwao?" Mwalimu akauliza.

"Yuko kazini, mpenzi."

"Kukaa ubavuni mwako ndiyo kazi?"

Muuguzi akacheka. Hakupaswa kucheka.

Jumapili alipoingia zamu hospitalini, alimwachia Mwalimu kompyuta asahihishe lugha. Mwalimu akagundua kitufe cha kutenganisha marejeo na programu. Akakibofya kwa heshima zote, kama mtu anayemzika adui. Marejeo yakabaki maandishi matupu. Akahifadhi juu ya nakala pekee iliyokuwapo.

Kesho yake msimamizi akaagiza marejeo yote yawe ya mtindo wa namba kufikia Jumanne jioni, la sivyo Muuguzi asubiri mwaka ujao. Muuguzi alibofya, akabofya tena. Hakuna kilichosogea. Akampigia Mwalimu akilia, wala hakumshuku. Alitaka tu kubembelezwa.

Kilio kile kilimtoa Mwalimu nyumbani mbio. Aliichukua kompyuta kwa Muuguzi, akaenda maktaba, akasimama mbele ya Miwani na kueleza ujinga wake wote. Miwani alisema hakuna njia ya mkato, kila rejeo lirudishwe kwenye programu kwa mkono. Kisha akavuta kiti cha pili.

Muuguzi alipofuata baadaye, aliwakuta wameinamia kompyuta.

"Mimi ndiye niliyeyatenganisha," Mwalimu akasema kabla hajaulizwa. "Nilimwonea wivu huyu bwana."

Bila kuinua kichwa, Miwani akaeleza kuwa ana mke na mapacha, na kwamba wote watatu walikuwa wakimsubiri nyumbani.

"Kwa nini hukuniambia unaumia?" Muuguzi akauliza.

"Ningesema nini? Kwamba nimepigwa kumbo na programu?"

Muuguzi akavuta kiti cha tatu. Alikaa upande wa pili wa Miwani, makusudi kabisa, akaanza kazi. Mwalimu alimeza wivu wake na kuendelea.

Jumanne tasnifu ilipokelewa. Nje ya ofisi ya msimamizi, Mwalimu akauliza kwa sauti ya mshtakiwa kama bado anapendwa.

"Moyo nilishakupa, mpenzi," Muuguzi akasema. "Ila neno la siri la kompyuta yangu sikupi, hata tukiwa ndani ya ndoa."

Katika sentensi yote hiyo, Mwalimu alisikia neno la mwisho tu.