Swali la Pili

Katika albamu ya mwisho, swali liliulizwa mara mbili.

Kaniki aliligundua hilo akiwa chumba cha nyuma cha duka lao la dobi, akipiga pasi mashati ya wateja. Jina hilo la utani alilipata kwa nguo zake nyeusi, na nguo nyeusi alizivaa kwa ajili ya bendi moja ya muziki wa metali, yenye magita mazito na kinanda cha huzuni kama cha mazishini, aliyoipenda tangu akiwa shuleni. Kila albamu yao iliishia vilevile. Vyombo vilinyamaza, kisha mwimbaji, mwanamke mwenye sauti ya uchovu, akauliza: "Nani yuko nami?" Mashabiki popote walipo waliitikia: "Niko." Kaniki hakuwahi kuacha kuitikia. Mama yake, aliyekaa mbele kwenye kaunta kupokea nguo na kukaribisha wateja, alimtania kwamba kwa kuitikia hivyo ipo siku maiti watamtembelea.

Mwimbaji alifariki kabla albamu hiyo ya mwisho haijatoka. Kaniki aliisikiliza huku machozi yakidondokea kola za watu. Magita yalikuwa yamepunguzwa makali, kana kwamba wenzake walikuwa wanamsubiri apumue. Swali likaja, akaitikia. Kimya. Kisha likaulizwa tena, karibu zaidi, na sauti haikuwa ya mwanamke. Lakini mdomo ulishazoea.

"Niko," alisema.

Tangu hapo mashati yalianuliwa kambani yakiwa na joto la mwili. Yalinuka udongo mbichi hata yakifuliwa upya. Mama akimwita kutoka mbele, kitu kiliitikia "niko" kule nyuma kabla Kaniki hajafungua mdomo, tena kwa sauti yake mwenyewe, na kila kilipoitikia koo lake lilizidi kukauka, mpaka akabaki na mnong'ono tu, na aliposimama kupiga pasi alihisi mtu nyuma ya shingo yake akivuta pumzi anapovuta yeye, akitulia anapotulia, kama mwanafunzi anayejifunza kazi.

Mganga aliyeitwa na mama alifika mchana, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alinusa shati moja, akakunja uso.

"Ulikiitikia?"

"Nilidhani ni wimbo," Kaniki alinong'ona.

"Kimeshachukua sauti. Sasa kinataka na mwenye sauti. Upige wimbo huo tena, na kikiuliza kisijibiwe. Kikikosa jibu kitakwenda zake. Kikijibiwa, mwanangu, mimi sina dawa."

Kaniki alimfikiria yule mwimbaji, aliyeuliza miaka yote hiyo na sasa hatauliza tena.

"Hata yeye nisimwitikie?"

"Hata yeye."

Mama aliambiwa arudi kwenye kaunta, asiingie mpaka aitwe. Kaniki akabonyeza simu kuucheza wimbo, akang'ata kola ya shati. Mwimbaji alipouliza, alifumba macho, akamwacha bila jibu, na hilo lilimuuma kuliko woga. Kisha swali la pili likaja, likamzunguka, likambembeleza, likauliza kwa sauti ya kiume, kisha kwa sauti yake mwenyewe, harufu ya udongo ikajaa chumba kizima hadi pasi ikapoa mkononi mwake ingawa taa yake nyekundu ilikuwa inawaka, na mashati yote kwenye henga yakavimba vifua kama yamevaliwa, yakamwelekea, yakangoja, naye akang'ata kola mpaka kifungo kikakatika, asiitikie.

Mashati yakanywea. Harufu ikaisha.

"Limekwisha," mganga alisema taratibu. "Jaribu sauti."

"Mama," Kaniki alisema, na sauti ilikuwa yake, nzima. Akacheka huku analia.

Ndipo wakasikia, nje ya pazia, mtu akisimama kwenye kaunta. Alikuwa na sauti ya mteja, ya upole na adabu.

"Hodi. Kaniki yuko?"

Mganga aliruka, kiti kikaanguka. Lakini mama alikuwa amelijibu swali hilo kwa wateja miaka mingi, na mdomo wake nao ulishazoea.

"Yuko ndani," alisema. "Karibu."