Kibandiko Kilichohamishwa

Kila alasiri, sare zikishavuliwa na vyombo vikishaoshwa, karakana ya Mama Fundi ilianza kazi. Ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kimejaa kompyuta kuukuu hadi darini. Ofisi kubwa kubwa zilikuwa zimezitupa na kuzibandika karatasi iliyoandikwa MBOVU. Mama Fundi hakuwa amesahau hata ofisi moja. "Hazikufa," alizoea kusema. "Zilichokwa tu."

Binti yake, ambaye shuleni walimwita Kidole kwa kuwa hakuacha kitu bila kukigusa, alikuwa na kiti chake kando ya mama. Kisha akaja mtoto wa mjomba wake kukaa nao, msichana mpole wa rika lake, na raha ikaisha. Mama alimsifu mgeni kwa mikono yake mitulivu. Akampa hata bisibisi yake ya mpini wa njano, ile ambayo Kidole aliitamani tangu hajaanza shule. Siku hiyo Kidole alikataa kula.

Wiki ile kila msichana alitengeneza kompyuta moja kwa ajili ya shule ya watoto wasioona. Kompyuta hizo zingewasomea vitabu. Bila sauti zingekuwa makopo tu. Mwalimu wa watoto hao angekuja Jumamosi kuzichukua, na yule ambaye mashine yake ingesoma vizuri zaidi angeenda naye kuwafundisha watoto hao kuzitumia.

Ijumaa, mama akiwa dukani na binamu akioga, Kidole aliifungua kompyuta ya mwenzake. Akachomoa kadi ya sauti, akachomeka nyingine kutoka sanduku la vyuma chakavu. Kila kadi nzima ilikuwa na kibandiko ambapo mama aliandika namba za kadi hiyo. Kidole akakibandua, akakihamishia kwenye ile chakavu. Roho ikamtulia.

Jumamosi, mbele ya mwalimu, kompyuta ya Kidole ilisoma ukurasa mzima. Ya binamu ilikaa kimya. Mama akaifungua, akasoma kibandiko, akasema kadi ni ileile, basi aliyeifunga ndiye aliyeharibu. Kidole akadakia kwamba kuna watu husifiwa bure. Binamu akameza machozi.

"Shangazi, kibandiko tukiache," alisema. "Tuiulize kadi yenyewe."

Mwalimu, ambaye naye haoni, alitaka kujua kadi huulizwaje.

"Kompyuta ikiwaka," mama alimweleza, "hupita kila tundu ikiuliza, wewe nani? Kadi hujibu kwa namba mbili: ya aliyeiunda na ya aina yake. Zimo ndani yake, hazibanduki. Halafu kuna draiva, programu inayoiendesha kadi. Nayo ina orodha yake. Ikizikuta namba hizo humo, huishika kadi na kuisemesha. Isipozikuta, huiacha kama ilivyo."

Akafungua orodha ya vifaa kwenye skrini, akasoma namba kwa sauti. Hazikufanana na za kibandiko hata kidogo, wala draiva haikuwa nazo kwenye orodha yake. Mama akakishika kile kibandiko. Pembe yake ilikuwa imekunjamana. Akamgeukia binti yake.

"Ni mimi, mama," Kidole alisema, macho chini. "Ulimpa bisibisi yangu."

Hakuna aliyemfokea, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Binamu akamnyooshea ile bisibisi ya njano. Kidole aliirudisha kadi nzima mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, na mashine ikaanza kusoma. Mwalimu akatabasamu, akauliza nani anaondoka naye. Kidole mwenyewe akamtaja binamu yake.

Walipoondoka, mama alimketisha Kidole kwenye kile kiti chake cha zamani.

"Wenye ofisi walizibandika mashine hizi ubovu, tukakasirika," alisema. "Leo umembandika mwenzako ubovu wako, nami nikausoma nikaamini. Nimekosea, na nimemwomba radhi. Lakini wivu wako nusura uwanyime watoto vitabu vyao. Siku nyingine ukiumia, njoo uniambie. Usimchomoe mwenzako."