Aliyelala Chini ya Mapipa

Kwanza nzi waliacha kuingia ghalani. Kisha mchwa wakafa, wakatanda kizingitini kama pumba. Asajile, mtunza ghala la kahawa la kijiji cha ujamaa kule Isansa, akawafagia na kushukuru: ghala safi, kazi nyepesi. Harufu ya kitunguu saumu kilichooza ilipompiga puani alitazama mapipa ya sumu ya wadudu, yaliyoachwa na mlowezi, yakaota kutu, yakavujia ardhini, akasema moyoni kuwa sumu hiyo imeua wadudu tu.

Alikosea jambo moja tu. Sumu ile ilikuwa imemchoma aliyelala chini yake.

Adhuhuri moja, jua likiwa la utosi, Kasiani mlinzi alinyanyuliwa na kitu asichokiona, akabamizwa ukutani hadi taya likahama. Kesho yake mbuzi walikutwa wamevunjwa shingo. Kisha kikaingia nyumbani kwa Asajile, kikamkuta Ruti, binti yake wa pekee, akipepeta mahindi. Kikamkunja mkono nyuma, polepole, mpaka mfupa ukalia kama kuni kavu.

"Baba Ruti," mkewe Enesi alinong'ona, amemkumbatia mtoto, "kitarudi. Kitammaliza."

Mwenyekiti Zebedayo aliitisha kikao, na humo Asajile akataja jini.

"Jini? Wenzako wanajenga taifa, ndugu Asajile, wewe unajenga majini!"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyekaa karibu na ghala. Wengine walitaka udongo wenye sumu uchomwe, wengine wakataka ufukiwe. Wakaufukia kwa kokoto. Wiki haikuisha, maji ya kisima yakawa machungu, na Ruti akatapika damu.

Ndipo Asajile, Mmoraviani wa kuzaliwa, alipopanda lori kwenda Tunduma kumleta Bi Mwasiti, mganga wa majini. Bi Mwasiti alifukiza ubani, akamfunika Ruti shuka, akauliza, "Unataka nini?"

Sauti iliyomtoka msichana ilikuwa nzito, yenye kutu.

"Mmenimwagia moto mgongoni. Mkanifukia, nikanywa kisima chenu. Mkinichoma, nitapanda moshi, niwaingie vifuani. Nataka nyumba. La sivyo, nakaa kwa huyu mpaka aishe."

"Nyumba utapata," alisema Bi Mwasiti. Nje, akamshika Asajile mkono. "Hapo ni kuhamishwa tu. Na jini huogopa chuma. Hamna pango la chuma huku kwenu?"

"Lipo tanuru la mababu kule kilimani, walikoyeyushia chuma. Kuta zake zimeshiba kutu."

"Basi chimbeni udongo wote wenye sumu, mpelekeni humo pamoja nao, mzibe kwa udongo wa mfinyanzi. Lakini sikiliza, mwanangu: kila kilichombeba kiingie naye. Jembe, gunia, vyote."

"Magunia!" Zebedayo, aliyekuwa amesimama karibu, aliruka. "Msimu uko mlangoni, magunia hayapatikani hata kwa dawa!"

"Nenda kamwambie Ruti hivyo, mwenyekiti," alisema Asajile.

Zebedayo akashika jembe.

Wakachimba, na kadiri walivyochimba ndivyo ghala lilivyounguruma, mabati yakang'oka yakiruka kama panga, moja likamchana Zebedayo paji la uso mpaka damu ikamziba macho, naye akaendelea kuchimba akiwa kipofu, huku Asajile akibeba gunia baada ya gunia, ngozi ya mabega ikimvuka, na nyuma yake nyayo zisizo na mtu zikimfuata hatua kwa hatua hadi kilimani, hadi ndani ya tanuru, hadi tonge la mwisho la mfinyanzi lilipoziba mdomo wake.

Kukawa kimya.

Asajile alipofika nyumbani, Ruti alikuwa amekula ugali, wa kwanza tangu mkono uvunjike. Alicheka.

"Baba, unanuka kama beberu."

"Na wewe leo umelala pazuri, kama bibi harusi."

"Mama kanitengenezea godoro."

Enesi aliinua uso, amejaa furaha. "Mtoto mgonjwa alale chini mpaka lini? Mlipokwenda kukoroga mfinyanzi niliokota gunia moja pale tanuruni, nikamwaga udongo, nikalifua mtoni, nikalijaza maganda ya mahindi. Kulichimbia huko zima zima si dhambi hiyo?"

Nzi aliingia mlangoni, akazunguka juu ya godoro, akadondoka kifuani kwa Ruti, miguu juu.

Harufu ya kitunguu saumu ikajaa chumba.

"Baba," alisema Ruti, bila kucheka tena. Na mkono wake mzima ukaanza kukunjwa nyuma, polepole.