Gunia la Dirishani

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia uwanja na kumpelekea mama uji chumbani. Hapa kwetu Kitangari, anayechelewa bombani hukuta foleni ya ndoo imeshafika barabarani, kwa hiyo niliamka mapema na kulalamika kimoyomoyo. Kazi ya uji sikuilalamikia hata siku moja. Mle chumbani alikuwamo mdogo wangu, ana siku tatu tu duniani na jina bado hajapewa.

Chumba kilikuwa giza. Bibi Adija, mama yake baba, aliliziba dirisha kwa gunia la korosho siku ileile mama aliporudi na mtoto kutoka hospitali. Alisema mtoto mchanga hafikiwi na upepo wala macho ya watu mpaka kitovu kidondoke. Tulimwona kwa taa ndogo ya sola, na majirani wachache walioruhusiwa kuingia walimsifu. "Mama Faidha, mwanao mweupe huyu. Amefuata kwa babu yake." Bibi alifurahi utadhani yeye ndiye aliyemchagulia rangi.

Siku hiyo ya tatu baba alikuwa anafunga korosho za kupeleka ghalani, akapungukiwa gunia moja. "Faidha, kachukue lile la dirishani," akaniambia. Nikaingia, nikalivuta. Jua la asubuhi likafika hadi kitandani, na mtoto akafumbua macho kidogo. Pale ambapo macho ya watu ni meupe, yake yalikuwa ya manjano. Uso nao ulikuwa kama umepakwa binzari.

"Bibi, mtoto ana manjano machoni," nikamwambia bibi aliyekuwa amekaa kando ya kitanda.

"Huo ni weupe wake. Wewe udaktari umesomea wapi? Funga kanga hapo dirishani, uende shule."

Nikafunga kanga, nikaenda shule. Mama sikumwambia kwa kuwa alikuwa amelala. Baba sikumwambia kwa kuwa bibi alishasema, na nyumbani kwetu neno likishamalizwa na bibi, mtoto halianzi upya. Sababu hizo nilizirudia kichwani kutwa nzima. Kesho yake nilipeleka uji bila kumtazama mdogo wangu usoni, maana niliogopa kuona.

Siku ya tano mtoto aligoma kunyonya. Mama akimpa ziwa, linamtoka mdomoni. Alilala tu, na hata kulia kwake kulikuwa kudogo. Baba alikuwa ghalani na simu yake haipatikani. Bibi akaita bodaboda mbili. Mama na mtoto wakatangulia hospitali ileile alikozaliwa, mimi na bibi tukafuata, nimekumbatia chupa ya uji.

Katika wodi ya watoto wachanga kulikuwa na taa moja tu ya mwanga wa bluu, ya kuwapunguzia watoto manjano. Chini yake alilala mtoto mwingine, amevuliwa nguo na kufunikwa macho kwa kitambaa, na mama yake, Theodora, amekaa pembeni. Muuguzi aliyeitwa Veridiana alimpeleka wetu karibu na dirisha, akambonyeza pua na kifua kwa kidole. Kila alipoachia, ngozi ilibaki ya manjano.

"Manjano haya yameanza lini?" akauliza.

"Leo asubuhi, mwanangu," bibi akajibu.

"Na wewe mama?"

"Chumba kina giza, sista. Mimi sikuona," mama akasema kwa unyonge.

Muuguzi akaandika. "Basi tutachukua damu tusubiri majibu. Taa itakuwa wazi jioni, mwenzake akimaliza."

Nilimtazama mdogo wangu kwenye mapaja ya mama, mdomo wazi. Sikuweza kumponya wala kumnyonyesha. Uji niliobeba ulikuwa umepoa. Nilichokuwa nacho ni lile jambo nililoliona, na kulisema ni kumuumbua bibi yangu mbele za watu.

"Si leo," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, ikanibidi nirudie. "Si leo, ni juzi. Nilimwona nilipotoa gunia. Nilimwambia bibi, kisha nikanyamaza."

Bibi hakunitazama. Muuguzi aliweka kalamu chini. "Juzi alikuwa na siku tatu, na leo hanyonyi. Huyu hawezi kungoja jioni." Akamgeukia Theodora. "Wako manjano yamepungua sana. Uniruhusu nimtoe sasa, nimlaze huyu."

"Mlaze, sista," Theodora akasema.

Siku mbili zilizofuata hatukuwa na la kufanya. Mama alikamua maziwa kwenye kikombe, muuguzi akamnywesha mtoto kidogo kidogo, kisha akarudishwa chini ya taa. Damu ilipimwa tena na tena. Bibi alikaa kwenye benchi bila kunisemesha. Niliumia, lakini niliumia zaidi kila nilipokumbuka siku ile niliyopita na uji bila kumtazama.

Siku ya tatu akashika ziwa, akanyonya mpaka akatoka jasho. Mama alilia. Veridiana akatuita sote.

"Watoto wachanga wengi hupata manjano, na mengi huisha," alisema. "Yakizidi hupanda kwenye ubongo, mtoto akawa kiziwi au akafa. Wenu amewahi, ila akifika miezi mitatu mleteni tumpime masikio. Na sisi tulikosa. Tulimruhusu mama bila kumwambia atazame nini. Kuanzia leo, hapa hatoki mtoto kabla hajatazamwa kwenye mwanga wa dirisha, na mama yake akaelezwa." Akanishika bega. "Ukiona mgonjwa anabadilika, sema mapema, na sema kweli. Dawa yetu huanzia hapo."

Tulipofika nyumbani, bibi alitangulia chumbani. Aliifungua ile kanga dirishani, akaikunja taratibu, akakaa kitandani penye jua.

"Faidha, mlete mdogo wako hapa," akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu hospitali. "Mtazame wewe kila asubuhi, macho yangu yamezeeka. Ukiona kitu, niambie. Nikikukatalia, nenda kwa mama yako ukaseme tena."