Aliyempiga Alishazikwa

Haya yalimkuta dada yangu, muuguzi wa wodi ya majeruhi wanawake. Si mtu wa kuzusha mambo. Hata mzaha wake huwa mkavu kama mkate wa juzi.

Asubuhi moja mama mmoja alimleta mkwewe, mke wa mwanawe. Taya limevimba, mbavu zimevunjika. Dada akamwuliza kama wanavyoulizwa wote waliopigwa, maana lazima iandikwe: nani amehusika?

"Mume wangu," mgonjwa akasema.

Mama mkwe akainamisha kichwa. "Sista, usimsikilize. Amechanganyikiwa kwa msiba. Huyo mume ni mwanangu wa kumzaa, na tulimzika mwezi uliopita."

Daktari akaguna. "Andika alianguka. Marehemu hashtakiwi."

Dada akaandika. Mgonjwa akamshika mkono. "Ukiandika hivyo, utanirudisha kwake."

"Yuko kaburini, mdogo wangu."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Mchana, saa ya kuona wagonjwa, wodi ilijaa jua na watu. Dada alikuwa akimbadilishia bandeji. Godoro likabonyea pembeni, kama mtu mzito ameketi.

Hapakuwa na mtu.

Mgonjwa akabana pumzi. Shavuni mwake, dada akiangalia, alama za vidole zikajichora. Nyekundu. Kimoja kimoja. Kisha kichwa chake kikagongwa ukutani.

Dada akamlalia juu, kumkinga. Akahisi pumzi shingoni. Ya baridi. Ilinuka udongo uliotoka kuchimbwa.

Wageni walitimka. Mama mkwe hakutimka. Alisogea taratibu, akapandisha mkono wa gauni lake. Kuanzia kiganjani hadi begani, michubuko. Ya zamani, na ya jana.

"Akiwa hai alinipiga, nikawa nawaambia watu nimeteleza," alinong'ona. "Alipokufa nilishukuru. Mama gani anashukuru? Mwandike, sista. Mtu mmoja tu aandike kwamba ni yeye."

Dada akafuta *alianguka*. Akaandika: *mume, marehemu.* Daktari alisoma, akatazama shavu la mgonjwa, akatia saini.

Haikusaidia kitu. Polisi walicheka, wakasema wapelekewe mtuhumiwa anayepumua. Mbavu zilipounga, kitanda kikatakiwa na mwingine. Dada aliwatafutia hifadhi, akagonga mwamba kila alipobisha. Wanawake wale wakaondoka wameshikana mikono kama watoto, kurudi nyumba ileile, kwa kuwa hawakuwa na nyingine.

Siku ya kliniki hawakutokea. Dada alikwenda kwao. Akakuta mlango wazi, chai ya vikombe viwili bado inatoa moshi, na viatu vyao vyote mlangoni. Majirani hawakuwa wameona mtu akitoka. Hadi leo hawajaonekana.

Kitanda kile sasa hakilaliwi. Ukutani, usawa wa uso wa mtu aliyelala, kuna shimo la ukubwa wa ngumi. Fundi huliziba na kulipaka rangi. Kukicha, plasta iko sakafuni. Nimeingiza mkono wangu mle mwenyewe. Kuna udongo, na ni mbichi.