Asilimia Tisini na Sita za Tumpe

Saa mbili kamili asubuhi Kipimahatua, mashine ya kupima tabia za wanafunzi, kilifungua macho yake kumi na mawili kwenye dari la darasa la tatu. Kiliwasoma watoto tisa kwa mpigo: nani ametazama usoni na kwa sekunde ngapi, nani ametulia, nani anatikisa mikono. Kila mtoto alivaa kikuku kilichomtetemesha akifanya jambo lililo kwenye orodha ya tabia za kupunguzwa, na kumpa vuguvugu tamu akiacha. Jioni kilitoa asilimia. Mwaka huo wa 2091 wakaguzi walikipenda kuliko walimu, maana hakibishi wala hakiombi likizo.

Lakini orodha hiyo haikutungwa na mashine. Ya darasa la tatu iliandikwa na Mwalimu Atupele Mwambene, mchapakazi aliyefundisha watoto wenye usonji kwa miaka kumi na tisa. Kwa Tumpe, binti wa miaka minane asiyesema, alijaza mambo manne. La tatu lilikuwa kujipiga sikio la kushoto.

Kwa wiki sita mstari wa Tumpe kwenye grafu ulipanda hadi asilimia tisini na sita. Aliketi wima, mikono mapajani, akimtazama mwalimu machoni. Atupele alijawa na fahari, na nani angemlaumu? Akampigia simu mama mtu kumpa habari njema: muhula ujao mtoto angehamia shule ya kawaida.

Mama Tumpe, fundi cherehani, hakufurahi. Alisema mtoto hali chakula, na mto wake una madoa yenye harufu. Atupele akamtuliza. Kama kuna tatizo, alisema, Kipimahatua kingeliona, kisha akamtumia grafu.

Ijumaa Tumpe alianguka darasani bila kutoa sauti, mwili ukiwaka homa. Hospitalini daktari alikuta usaha umekula ngoma ya sikio la kushoto na kuingia kwenye mfupa. Mtoto angepona, alisema, lakini sikio hilo halitasikia tena. Akauliza kwa nini hakuonyesha dalili za maumivu.

"Alionyesha, daktari," Atupele alijibu. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuacha."

Mama Tumpe hakumgeukia. "Mwalimu, nilikuletea mwanangu umsikilize."

Atupele akamvua Tumpe kile kikuku, akapiga magoti kando ya kitanda. Machozi yalimtoka na hakuyazuia. Alimwambia Tumpe ajipige akitaka, ajipige popote panapouma, hakuna atakayemkataza tena. Akaushika ule mkono mdogo na kuusogeza hadi kwenye bandeji.

Tumpe aliuvuta taratibu, akaurudisha pajani. Akajikaza kuketi wima, akamtazama mwalimu wake machoni, akatulia. Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na tisa.