Picha Iliyookolewa na Mvua

Fremu ilikuwa palepale ukutani, tupu.

"Mwizi kaiba kitambaa chenye mchoro, kaacha fremu!" Bwana Frank, mwenyekiti wa taasisi ya misaada, alifoka. "Ni picha ya Kiromania ile, ya mwaka thelathini na mbili! Kijiji cha wavuvi, vibanda vya udongo, punda mmoja. Wageni wakiitazama wanalia."

Inspekta Martina Likwata aliinama na kurunzi. Mwizi hakukata kwa kisu. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akaondoka nayo yote. Kwenye mbao kulibaki alama za meno madogo ya koleo. Alama za vidole, hakuna. Unga mweupe tu.

Koplo Rehani aliunusa. "Wa muhogo, afande?"

"Njaa hiyo, Rehani. Huu ni wa glavu za hospitali." Akamgeukia Frank. "Nani wa hospitali alifika hapa wiki hii?"

"Nesi Rosa wa Namgongo. Kila mwezi anakuja kuulizia paa la zahanati. King'ang'anizi kama kupe!"

"Na picha mliipata wapi?"

"Hukohuko. Daktari mmoja Mromania aliwaachia wanakijiji. Tukaichukua tuihifadhi. Paa lao linavuja, Inspekta. Ingelowa!"

Damu ilimpanda Martina. Akazima kurunzi. Kazi kwanza.

Walipofika Namgongo pamoja na Frank, mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Martina aliingia peke yake chumba cha kujifungulia cha zahanati. Binti aitwaye Siti alikuwa kitandani, uchungu umemkolea, Nesi Rosa kando yake. Juu ya kitanda, picha ilikuwa imepigiliwa kwenye boriti, imekaza kama ngozi ya ngoma. Maji yalitiririka ukingoni, yakaishia kwenye ndoo.

"Shikamoo, mama Rosa."

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja, mwanangu."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Na misumari nimechukua. Hapa hata msumari hatuna."

"Kwa nini?"

Rosa hakupunguza sauti. "Mwezi uliopita mtoto wa Mary kazaliwa hapo, maji yanamdondokea kifuani. Siku ya tatu tukamzika. Hawa mabwana wa taasisi walishakuja, wakaona kabisa paa linavuja, wakakimbia na picha. Picha, afande! Kina mama wanaojifungua wakawaacha hapohapo chini ya tundu."

Frank alichungulia mlangoni. "Rehani, ing'oe upesi! Inaharibika!"

"Thubutu!" Siti aling'aka, kashika chuma cha kitanda. "Gusa uone!"

Martina alimsukuma Frank hadi ukumbini.

"Kuna mzazi humu, huna haya? Na ile picha ni kielelezo cha polisi. Haiguswi, haisogezwi, mpaka mahakama iseme."

"Itasema lini?"

"Masika yakiisha, labda. Wewe kapande gari. Leo utaandika maelezo: picha ya watu mliitoa hapa kwa idhini ya nani."

"Na mwizi je? Unamwacha?"

"Mwizi nitamkamata mwenyewe," alisema Martina, akifunga mlango. "Akishamzalisha huyu."